Mawe Arobaini na Moja ya Wadi Sidra

Jumanne, 4 Novemba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu ninaanza, na ninaanzia nyuma ya daftari kwa sababu mbele si pangu. Mbele ni pa mawe. Ghaniya amenipa daftari hili leo baada ya alasiri, akaniambia kila jiwe litakalotoka mlimani ni mimi nitakayeliandika: namba yake, rangi yake, siku tuliyolitoa. Mimi, niliyesoma elimu ya watu wazima hadi darasa la sita nikiwa tayari mke wa mtu.

Ghaniya ni binti wa kaka yangu Muhenna, na mimi tangu nifiwe na mume ninakaa kwao hapa Wadi Sidra. Anasomea mawe chuoni Maskati. Baba yake amekubali apande mlimani kipupwe hiki kwa masharti mawili: kwamba nifuatane naye kila siku, na kwamba kipupwe hiki ndicho cha mwisho. Asipopata anachokitafuta, atachukua kazi ya ofisini Rustaq na habari ya mawe iishe. Mashine ya kupimia iko Maskati, nayo ina foleni ndefu. Zamu ya Ghaniya inaanza Jumapili, tarehe 18 Januari, siku tatu tu. Ikimpita, nyingine ni Septemba.

Jumatano, 5 Novemba

Mawe matatu. Magoti yangu yanajua idadi hiyo kuliko daftari.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nilimuuliza waziwazi: mwanangu, unatafuta nini ndani ya mawe haya, dhahabu? Akacheka, akanikalisha kivulini tukafungua tende.

Akasema kaboni ni ile ile iliyomo kwenye mkaa, kwenye pumzi na kwenye mwili wa kila chenye uhai, lakini iko ya aina mbili, nyepesi na nzito. Viumbe vinapenda nyepesi. Akanisogezea sinia. "Wageni wakiondoka, Shangazi, ukitazama sinia si unajua walipenda tende gani?" Nikamwambia najua, laini zote zimekwenda, kavu zimebaki. Akasema bahari nayo ni sinia. Viumbe vya baharini vilichukua kaboni nyepesi, ile iliyobaki ikaingia kwenye tope jeupe la chini, tope likawa jiwe la chokaa, jiwe likawa mlima wetu. Kwa hiyo ukipima nyepesi na nzito ndani ya jiwe, mita kwa mita, unasoma bahari ile ilikuwa inakula nini na inabakiza nini, zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita. Kabla ya samaki. Kabla ya mti wa kwanza.

Na mahali fulani katika mlima huu, akasema, hesabu ya ile nzito inaanguka. Inaanguka kuliko ilivyopata kuanguka popote duniani, na wataalamu wanagombana mpaka leo kwa nini. Wengine wanasema bahari yenyewe iligeuka. Wengine wanasema hapana, ni maji yaliyopenya baadaye yakayatia mawe rangi nyekundu na kuharibu hesabu. Swali lake ni moja: je, hesabu inaanza kuanguka pale jiwe linapokuwa jekundu, au inaanza chini zaidi, jiwe likiwa bado la kijivu? Ikiwa ni chini zaidi, basi si rangi iliyoiangusha.

Nimezaliwa chini ya mlima huu. Nimekata majani ya mbuzi juu yake miaka arobaini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninakanyaga bahari.

Jumapili, 16 Novemba

Bi Shinuna, mwenye punda wanne na ulimi mmoja unaowazidi wote, amenisimamisha kwenye falaji, mfereji wetu wa maji, nikiosha mawe kwa mswaki. Akaniuliza kama mawe nayo yanakwenda harusini. Wanawake wote wakacheka. Akaongeza kwamba Muhenna alimpeleka binti chuo miaka sita ili arudi kuvunja mlima wa babu yake bure, na sasa shangazi naye ameambukizwa. Tangu leo jina langu ni Mwalimu wa Mawe.

Nilijibu kwa salamu tu. Mungu anisamehe, moyoni nilimjibu vingine. Yule mama tangu ujana wetu anafurahia aibu za watu.

Ijumaa, 21 Novemba

Hakuna mlima leo. Nimepika harisi, Ghaniya amekula sahani mbili.

Alhamisi, 27 Novemba

Maji ya falaji yamepungua. Zamu ya shamba letu ilikuwa nusu saa, imekuwa robo. Mwaka wa pili huu bila mvua ya maana. Mindimu ya Muhenna inakunja majani, naye anakunja uso. Ghaniya akisema neno moja la mawe mezani, yeye anasema neno moja la maji, basi mazungumzo yamekwisha.

Jumatatu, 8 Desemba

Tumefika kwenye ukuta wa mwamba wenyewe, pale wadi, bonde la mto mkavu, inapopinda. Chini ni kijivu, juu ni wekundu wa kahawia, na mpaka kati yao unaonekana hata kutoka barabarani. Ghaniya amepima kwa kamba na kutia nukta ya rangi nyeupe kila mita, kuanzia usawa wa kokoto za wadi hadi juu ya wekundu: nukta arobaini na moja. Ishirini na sita za kijivu, kumi na tano nyekundu. Haya, amesema, ndiyo yatakayojibu. Yote tuliyookota mwezi mzima yalikuwa ya kuzoeza mkono.

Amenifundisha kuchagua. Usichukue penye mshipa mweupe, maana hayo ni maji ya baadaye. Usichukue ngozi ya jiwe, vunja ufike nyamani. Mengine ya kijivu ukiyavunja yananuka kama yai bovu, harufu iliyofungiwa humo tangu enzi hizo. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema Subhanallah, nikaziba pua.

Jumatano, 17 Desemba

Mawe manne.

Jumapili, 21 Desemba

Mawe mawili. Upepo.

Jumanne, 30 Desemba

Muhenna alifungua daftari leo upande wa mbele, akasoma ukurasa wangu kwa sauti mbele ya Ghaniya: kijivu, kijivu, kijivu, kijivu iliyokolea, kijivu. Akaniuliza kama serikali ilinifundisha kusoma na kuandika ili niandike neno moja mara ishirini na sita. Ghaniya alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka nami, lakini ukweli ni kwamba mwandiko wangu ni mzuri na mistari imenyooka. Hilo hakulisema.

Jumatatu, 5 Januari

La arobaini na moja limetoka saa nne asubuhi. Tumeswali rakaa mbili za shukrani palepale juu ya kokoto.

Jumatano, 7 Januari

Nimeyaosha yote. Nimeyapanga kwenye kiwanja cha kuanikia tende, mstari mmoja, la kwanza upande wa msikiti, la mwisho upande wa shamba letu, kila moja juu ya karatasi yenye namba yake. Mifuko ya zamani ililowa, na Ghaniya kesho anakwenda Rustaq kuchukua mipya. Jioni nilisimama pale nikayatazama yalivyopangika. Nimelea watoto wa watu, nimezika mume, nimefuma mikeka isiyohesabika, lakini sidhani niliwahi kujivunia kitu namna ile.

Alhamisi, 8 Januari

Leo ilikuwa sala ya kuomba mvua, na nimefanya jambo ambalo sijui nitaliandikaje.

Wizara ya dini iliitangaza nchi nzima. Kwetu inaswaliwa asubuhi uwanjani, na uwanja ni kile kile cha tende, hakuna mwingine ulio sawa. Wanaume mbele, sisi nyuma, karibu na mawe yangu. Nilikuwa nimewaambia wote wasiyaguse, na mpaka hapo hakuna aliyeyagusa. Ghaniya alikuwa ameshaondoka.

Imamu alipokuwa anatoa takbiri, upepo wa kaskazini ulishuka. Mikeka yetu ikanyanyuka, mmoja ukampiga bibi mzee usoni. Mimi ndiye ninayepanga safu za wanawake, miaka yote. Bi Shinuna akaniita kwa jina, akanionyesha mkeka. Nikainama, nikachukua mawe yaliyo karibu, nikaweka pembeni mwa mkeka, nikachukua mengine, nikaweka. Wenzangu wakaona ninavyofanya, nao wakachukua. Sikuwaza. Naapa sikuwaza kabisa. Upepo, mkeka, takbiri, jiwe.

Nikaingia katika sala. Nilisikia karatasi zikipita nikadhani ni majani makavu. Na nilipokwenda sijda, mbele ya paji la uso wangu, shubiri moja, palikuwa na jiwe safi, lisilo na chembe ya vumbi. Nikalijua. Nililisugua mwenyewe kwa mswaki.

Sikusikia kitu tena cha sala ile. Imamu aligeuza joho lake nje ndani, kama ilivyo sunna ya sala hiyo, watu wakainua mikono wakaomba mvua, na mimi niliomba karatasi zirudi.

Watu walipotawanyika, nilizunguka kama mwendawazimu. Mawe yote yapo, arobaini na moja, nimehesabu mara tatu. Karatasi nimepata tisa, zimenasa kwenye uzio. Mekundu niliyatenga, lakini yapi ni ya kwanza na yapi ya mwisho? Na ya kijivu? Nikafungua daftari upande wa mbele. Kijivu, kijivu, kijivu.

Sasa ninaandika jambo ambalo nisingetaka malaika waliandike. Niliyapanga. Mawili yanayonuka niliyajua, lile lenye mkunjo nililijua, mengine nilibahatisha. Yenye weupe kidogo chini, yaliyokolea juu, nikaandika karatasi mpya kwa mwandiko wangu mzuri. Yalipendeza kuliko jana. Ghaniya alirudi saa kumi, akasimama, akanibusu kichwani, akasema, "Shangazi, hata chuoni hawapangi hivi." Nikamwambia chai iko tayari.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua. Imeanza baada ya sala ya Ijumaa, nyembamba, kisha ya kweli. Watu wametoka nje na nguo zao, Muhenna amesimama katikati ya mindimu mikono wazi, analia. Sikumwona akilia tangu mazishi ya mama. Kila aliyepita amenipa mkono, maana mimi ndiye niliyepanga safu. Ghaniya ametia mawe katika mifuko na kuandika namba juu yake. Namba zangu.

Nimekula matonge mawili.

Jumamosi, 10 Januari

Wadi imeshuka alfajiri. Ngurumo zake tulizisikia kabla ya kuona maji. Mtende mzima umepita, matairi, mbuzi wa mtu. Barabara ya chini imechukuliwa sehemu tatu, Rustaq hakuendeki.

Jumapili, 11 Januari

Nimemwambia.

Nilikuwa nasoma Kurani baada ya alfajiri nikafika kwenye aya ya kurudisha amana kwa wenyewe, nikashindwa kuendelea. Nikafunga msahafu. Ghaniya alikuwa ukumbini na ile mifuko, anaipanga ndani ya sanduku. Nikakaa chini mbele yake nikasema yote tangu upepo hadi karatasi mpya. Sikujitetea, au labda nilijitetea kidogo, nilisema upepo ulikuwa mkali.

Hakupandisha sauti. Alitoa mfuko mmoja, akautazama, akaurudisha.

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi?"

"Niliona haya."

"Alhamisi barabara ilikuwepo, Shangazi."

Afadhali angenipiga. Siku mbili nilizoitunza aibu yangu ndizo zilizokula njia yake. Mlima haukwenda popote, nukta zake nyeupe zipo, angerudi Ijumaa asubuhi akaanza kuyachukua upya, yale ya chini kwanza, kabla wadi haijashuka. Sasa wadi ina maji ya kifua, na mashine inamngoja wiki moja tu.

Nikatafuta njia ya kutokea. Nikamwambia, mwanangu, mashine yenyewe si itatoa hesabu? Na wewe unajua hesabu inaanguka. Basi yapime, kisha yapange ya juu hadi ya chini, yatajipanga yenyewe. Nilidhani nimesema neno la busara.

Akatikisa kichwa. "Nikiyapanga kwa hesabu, nitakuwa nimeiuliza mashine swali na kuijibia mimi. Hakuna atakayejua. Lakini sitakuwa nimesoma kitu."

Hapo ndipo nilipomwona. Miaka ishirini na sita nimemwona kama mtoto wa kaka yangu, aliyenyonya kidole hadi miaka mitano. Leo nimemwona mtu anayetunza amana kuliko mimi. Mimi nilikuwa na mawe na nikadanganya. Yeye hana mawe na hakubali kudanganya. Niliingia chumbani nikalia, na katika kilio kile kulikuwa na kitu kingine ambacho si huzuni. Nilikuwa najivuna kwa ajili yake, na najionea haya nafsi yangu, vyote pamoja.

Jumatatu, 12 Januari

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Shinuna. Sikuwa na pa kwenda pengine. Iko njia ya zamani ya punda, inapita mgongoni mwa mlima na kushukia ule ukuta kutoka juu, bila kugusa wadi. Njia hiyo bibi zetu waliitumia kukusanya majani, na sasa anayeijua ni yeye peke yake.

Nikajiandaa kwa ulimi wake. Nikaanza kusema kwamba mawe yamevurugika, akanikata. Akasema anajua. Yeye mwenyewe alichukua manne siku ile, akayaweka kwenye mkeka wake. Na baadaye, akiwa juu ya paa lake anatandaza nguo, aliniona nikiyapanga upya na kuandika karatasi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku mbili, na falaji imejaa wanawake.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe," akasema. "Ningelisema mimi, ungenichukia. Ungelisema wewe, ungelala."

Akaenda kuwatandika punda. Mtu niliyemwandikia ukurasa kule nyuma kwamba anafurahia aibu za watu alikuwa na aibu yangu mkononi siku mbili nzima na hakuifungua. Sitaufuta ukurasa ule. Uache unisute.

Muhenna naye aliambiwa. Nilitazamia aseme imekwisha, ofisi Rustaq, na angekuwa na haki, maana ni sharti lake. Badala yake aliuliza zile nukta za chini kabisa ziko juu ya kokoto kiasi gani. Ghaniya akamwambia ya kwanza iko usawa wa kokoto. Akasema basi mafuriko yamezifukia, na nyinyi wanawake watatu mtazifukua kwa vijiko? Akachukua jembe na sururu.

Jumanne, 13 Januari

Saa tano za njia. Bi Shinuna mbele, anawatukana punda kwa majina ya waume za watu. Mimi nilishika mkia wa punda wa nyuma penye mteremko. Mgongo wa mlima ulikuwa na ukungu, kila ufa unatiririka maji, na mara moja niliteleza nikabaki nimekaa juu ya jiwe jekundu. Bi Shinuna akaniuliza kama nimelipata namba ishirini na saba.

Nukta zipo. Alhamdulillahi, zipo, kuanzia ya kumi kwenda juu. Kokoto zimejaa kimo cha mabega kwenye kona pale wadi inapotupa mzigo wake, na kwa kuwa chini pale ukuta umelala, zimefukia nukta tisa. Maji yenyewe yamesogea upande wa pili.

Tumetoa mawe kumi na sita. Safari hii namba inaandikwa juu ya jiwe lenyewe kabla halijatoka mkononi, mara mbili, pande mbili, kisha karatasi, kisha mfuko. Ghaniya anavunja, mimi ninaandika, Bi Shinuna anasoma namba kwa sauti na mimi ninajibu kwa sauti. Tumelala kwenye pango la wachungaji.

Jumatano, 14 Januari

Mawe kumi na sita tena. Mikono ya Ghaniya ina damu.

Muhenna amechimba tangu alfajiri. Amelalamika juu ya kila kokoto. Lakini nukta ya tisa ilipotokea, nyeupe chini ya tope, alisimama akaifuta kwa kilemba chake, kilemba kizuri, cha Ijumaa. Baada ya hapo hakulalamika. Alikuwa anauliza, hii ni ya ngapi, na ile? Alasiri Ghaniya alipotaka kuvunja penye nukta ya sita, baba yake akamzuia, akamwonyesha mshipa mweupe mwembamba kama unywele, akasema hapo hapafai, hayo ni maji ya baadaye, sogea kushoto. Ghaniya akanitazama. Mimi nikatazama chini nisionekane ninacheka. Alikuwa anasikiliza mezani miezi yote hii.

Alhamisi, 15 Januari

La kwanza limetoka saa sita kasoro, tumeinama ndani ya shimo la Muhenna hadi mabegani. Arobaini na moja.

Jumamosi, 17 Januari

Bi Shinuna na Muhenna wamempeleka Ghaniya na sanduku kwa njia ya punda hadi bonde la pili, kuna barabara nzima na gari la mjomba wake. Magoti yangu hayakuweza. Nilihesabu mifuko ikifungwa, nikatia saini chini ya ukurasa, nikaandika tarehe na saa.

Jumanne, 20 Januari

Simu kutoka Maskati. Nilidhani ni Ghaniya, kumbe ni mwalimu wake, Dakta Lubna. Kaniamkia vizuri, akauliza hali za mvua. Kisha akasema Ghaniya ameandika katika ripoti kwamba mawe ya kwanza yalivurugika na ametupilia mbali yote arobaini na moja. Angeweza kutoandika, akasema.

Halafu akaniuliza:

"Ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi. Na ni mimi niliyeyavuruga. Na nilikaa siku mbili bila kusema."

"Na haya ya pili nani ameyaandika?"

Nikaona kazi yote inakwisha hapo, kwa sababu ya mkono wangu. Nikamwambia, ni mimi.

Nilisikia mashine inavuma nyuma yake.

"Basi nitayapima," akasema, na akaniaga kwa heshima kama mtu anavyomuaga mwenzake wa kazi.

Jumatano, 21 Januari

Nimefunga sunna. Hakuna habari.

Alhamisi, 22 Januari

Hakuna habari. Falaji imejaa mpaka ukingoni. Muhenna ameuliza mara nne kama simu ina chaji.

Ijumaa, 23 Januari

Ghaniya amefika mwenyewe, amepita njia ya punda kwa miguu na mjomba wake, viatu mkononi. Aliketi, akanywa maji, akatandaza karatasi ukumbini, sisi sote tumeizunguka, Bi Shinuna amechungulia dirishani kisha akaingia bila kukaribishwa.

Ni mstari. Kila jiwe ni nukta yake. Kumi na nane za kwanza zinakwenda pamoja, juu, zimetulia, kama uzi mmoja. Halafu la kumi na tisa linashuka. La ishirini linashuka zaidi. La ishirini na moja, zaidi. Na lile jekundu la kwanza, la ishirini na saba, linapofika, mstari tayari umeshuka nusu ya safari yake.

Muhenna akaweka kidole juu ya kumi na tisa. Akauliza hili ni la rangi gani. Nikamwambia la kijivu, halina tofauti na jirani zake kwa macho. Akauliza tena, polepole, kana kwamba anamuuliza kadhi: kwa hiyo si wekundu? Ghaniya akasema si wekundu, Baba. Hapa kwetu, kilichoanguka kilianza kuanguka jiwe likiwa bado la kijivu. Akasema haijamaliza ugomvi wa wataalamu, imefunga mlango mmoja tu. Lakini huo mlango umefungwa.

Bi Shinuna akasema mlango uliofungwa na punda wake. Hakuna aliyembishia.

Muhenna hakusema habari ya Rustaq. Aliinuka akaenda kuleta halua iliyowekwa kwa ajili ya wageni wa Ramadhani, akamkatia Ghaniya kwanza, kabla yangu na kabla yake mwenyewe.

Alhamisi, 5 Februari

Barabara imefunguliwa.

Ijumaa, 13 Februari

Ghaniya ametusomea leo sura ya kitabu anachokiandikia chuo inayoeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Kuna kamba, kuna nukta, kuna nyundo. Kisha kuna sentensi hii, ameitafsiri kwa maneno yetu nami nimeinakili kama alivyoisema: Sampuli arobaini na moja za kwanza hazikutumika, kwa kuwa mpangilio wake ulivurugika kabla ya kupimwa, mtafiti aliarifiwa na msaidizi wake, Zuwaina binti Nabhan, aliyevuruga mpangilio huo, na ambaye alichukua naye sampuli upya na kuziandika.

Muhenna akakunja uso. Akasema jina la baba yetu halijawahi kuandikwa kitabuni, na sasa liandikwe hivi, likisimama karibu na neno kuvuruga? Akamwambia binti yake aifute, aseme tu kwamba mawe yalichukuliwa mara mbili, watu wa chuo watatosheka. Alikuwa ananitetea mimi, na nimempenda kwa hilo. Ghaniya akashika kalamu, akanitazama. Akasema jina ni la Shangazi, yeye ndiye atakayeamua.

Nikamwomba aisome tena. Akaisoma tena, yote, tangu mwanzo hadi nilipochukua naye sampuli upya.

"Iache," nikamwambia.

Muhenna akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Nikachukua birika nikawamiminia kahawa.